Mkeka Juu ya Kichwa Changu

Kioo kilipasuka.

Niliusikia mlio kabla sijaona chochote, mlio mkavu kama bati lililoanguka kutoka juu ya paa, kisha vipande vidogo vikamwagika juu ya saruji. Ndani ya ukumbi wa kanisa sote tukageukia mlango. Kiganja changu kilikuwa bado kifuani, maana tulikuwa katikati ya somo.

Mama mchungaji Salataima hakutufundisha kwa ubao. Alikuwa ameona jinsi sisi wanafunzi wake, makuli wa bandari ya Honolulu, wapishi, mabibi wanaotandika vitanda vya watalii, tunavyosahau mambo ya serikali mara tu tunapokanyaga nje. Akasema Msamoa hasahau kitu alichokipiga mwilini mwake. Basi maswali ya uraia tukayajifunza kama ngoma yetu ya makofi: kiganja kifuani, kiganja pajani, kofi hewani, na jibu juu yake. Maneno niliyatunga mimi.

*Rais akitufia, nani akae kitini?*
*Makamu huingilia, naye Spika foleni;*
*Majaji tisa sikia, wakaao kileleni,*
*Na sheria nakwambia, haina bwana nchini.*

Lagimaina alisimama mbele yetu na karatasi ya maswali. Hakuwa mwanafunzi, alikuja kumsaidia mama mchungaji kuuliza. Kila alipouliza, "Nani anatunga sheria za nchi?" aliliangalia darasa zima, lakini jibu alikuja kulichukua machoni mwangu. Nilikuwa nikijibu "Bunge" kwa sauti ya mtu anayesema "nakupenda", na mabibi wa mstari wa nyuma wakipigana viwiko na kucheka.

Kioo cha pili kikapasuka.

"Kelemete!" Sauti iliita kutoka uani. "Toka nje, popo! Gari lako linakulilia!"

Karatasi ikamwanguka Lagimaina mkononi. "Lafaele," akanong'ona. "Kaka yangu."

Kanisa zima la mtaa wa Kalihi lilijua habari yetu. Mimi nilizaliwa Tutuila, katika Samoa iliyo chini ya bendera ya Amerika, lakini pasipoti yangu ilisema wazi kwamba mimi ni mtu wa Amerika, si raia wake. Lagimaina alizaliwa Apia, ng'ambo ya maji, katika Samoa ile nyingine iliyo nchi peke yake. Alikuja kukaa kwa kaka yake, na kibali chake kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi. Jumatatu nilikuwa naitwa kufanyiwa usaili wa uraia. Nikipita, naapa, namwoa, anabaki. Nisipopita, anapanda ndege kurudi kwao, ambako baba yake ameshampa neno kijana mmoja wa chuo cha theolojia mwenye shingo kama ya bata.

Nilipiga hatua kuelekea mlangoni. Lagimaina akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa hajawahi kunigusa mbele ya watu.

"Usitoke."

"Lagi, hiyo ni pikapu yangu."

"Ni pikapu. Jumatatu ndiyo maisha yetu."

"Kelemete, nisikilize mwanangu," mama mchungaji akasema. "Ukikamatwa kwa kupigana, hata kama umeanzwa, Jumatatu isahau. Wanapima tabia, si kichwa peke yake. Ukitoka, weka mikono mfukoni."

"Lavalava ni shuka tu, haina mfuko, mama."

"Basi mikono ifunge mgongoni!"

Nilitoka nimeifunga mgongoni. Nawaambia ukweli, mimi si mtu wa kufunga mikono. Kwetu tangu utotoni naitwa Kiberiti.

Lafaele alisimama juu ya boneti ya pikapu yangu akiwa na gongo la besiboli. Alikuwa baunsa wa baa moja ya Waikiki, mtu mwenye mabega ya mlango, na jasho lilimtiririka mpaka kwenye tatuu za magoti.

"Mtazameni!" akawapigia kelele watu waliotoka nyuma yangu. "Si ndege, si mnyama! Wanakulia kodi yako, kura hawakupi. Na wewe ndiye unataka dada yangu? Umpe nini, mabawa?"

"Kaka Lafaele, shuka tuzungumze."

"Nani kaka yako? Mtutuila wa kwanza alimchukua dada yetu mkubwa, akaturudishia na mimba na meno mawili pungufu. Wewe utamrudisha huyu na nini?"

"Mimi siye yule."

"Nyote ni yule!"

Akaruka chini. Gongo la kwanza lilinipata pajani, nikahisi mguu mzima unazimika kama taa. La pili lilikuwa la mbavu. Nilisikia mabibi wakipiga mayowe, na mama mchungaji akimwita Yesu na polisi kwa pumzi moja. Nilibaki nimesimama. Vidole vyangu nyuma ya mgongo vilikuwa vimeshikana hadi kucha zikaingia nyamani.

"Nipige," Lafaele akasema.

"Sikupigi."

Akanipiga ngumi ya mdomo. Nikameza damu. Akanishika nyuma ya shingo, akanivuta karibu, tukawa tumegusana vipaji vya nyuso kama ndugu wanaosalimiana, akaninong'oneza: "Najua una nini Jumatatu. Nipige mara moja tu, Kelemete. Moja tu. Mimi nitajilaza hapa nilie kama mtoto mpaka waje na pingu. Yeye atapanda ndege, na wewe utabaki kuwa popo."

Basi ulikuwa mtego. Kuujua kulinipa nguvu ya ajabu. Nikamcheka usoni kwa meno mekundu.

"Endelea, kaka. Mbavu za kushoto bado hujazigusa."

Akazigusa. Nikapiga goti moja. Akanipiga teke la bega, nikainuka tena. Macho yangu yalikuwa yanamtafuta Lagimaina katika ule umati, na nilipomwona nikatamani nisingemwona, kwa sababu alikuwa anakimbia kuja kwetu.

"Lafaele, inatosha! Unamuua!"

"Rudi ndani!"

"Sirudi!" Akaning'inia kwenye mkono wa kaka yake kwa uzito wake wote. Lafaele alijipindua kumtikisa, gongo likazunguka naye, na kichwa cha gongo kikampata Lagimaina mdomoni.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Alikaa chini, akaweka kiganja mdomoni, na damu ikatoka katikati ya vidole.

Mikono yangu ikafunguka yenyewe.

Ngumi ya kwanza ilimpata Lafaele chini ya sikio, akaanguka, kidevu kikagonga ngazi ya kanisa, tukasikia wote jinsi taya lilivyolia. Ile ngumi ya kwanza ilikuwa ya Lagimaina. Zilizofuata zilikuwa zangu. Nilimkalia kifuani nikampiga akiwa amelala, nikampigia pikapu, nikampigia popo, nikampigia kila afisa aliyewahi kuigeuza pasipoti yangu juu chini na kuniuliza mimi hasa ni nani. Hakuwa ananirudishia. Uso ulilainika chini ya ngumi zangu, na mimi nikaendelea.

Mikono midogo ndiyo iliyonivuta nywele kutoka nyuma.

"Kelemete! Amezimia! Ni kaka yangu huyo, ni kaka yangu!"

Niligeuka. Mdomo wake ulikuwa umevimba, umepasuka. Alikuwa ananitazama kwa macho ambayo dakika chache tu zilizopita yalikuwa yanachota majibu kwangu, na sasa hayakuchota kitu.

Polisi walipofika, kanisa zima lilikuwa limepata upofu. Mzee wa kwaya akasema kijana ameteleza kwenye ngazi. Mabibi wakaitikia kwa pamoja, vizuri kuliko walivyowahi kuitikia swali lolote la uraia. Lafaele akachukuliwa na gari la wagonjwa, taya limevunjika pande mbili, jicho moja limefungwa. Mimi nikanawa mikono kwenye bomba la nyuma ya jikoni, na maji yalichukua muda mrefu kuwa meupe.

Kesho yake nilikuwa kazini bandarini, mbavu zimefungwa bendeji chini ya shati, nilipoambiwa kuna mtu ananisubiri getini.

Alikuwa amejifunika kitambaa hadi puani. Tulisimama pande mbili za uzio wa waya, na makreni yakinguruma nyuma yangu.

"Nionyeshe," nikasema.

Akashusha kitambaa. Mdomo wa juu ulikuwa na nyuzi. Niliingiza kidole katika tundu la waya, na yeye akakitazama kile kidole kama mtu anayetazama chakula wakati wa mfungo. Hakukigusa.

"Lafaele anaendeleaje?"

"Wamemfunga meno kwa waya. Anakunywa kwa mrija. Ametoka hospitali kwa ubishi wake, yuko nyumbani." Alivuta pumzi. "Baba amefika kwa ndege ya asubuhi. Binamu zangu wamejaa sebuleni, na mmoja ana bastola. Wanajadili ukoo wako kama wanavyojadili nguruwe wa sikukuu."

"Lagi, alikupiga. Niliona damu yako nikapotea."

"Alinipiga kwa bahati mbaya. Wewe ulimpiga akiwa amelala. Nilikuwa nakuita, Kelemete. Nilikuita mara nyingi hata sauti ikaniisha."

Nikakirudisha kidole upande wangu wa waya.

"Unataka nije kupiga magoti?" nikauliza.

"Sikuja kukuomba. Nimekuja kukutazama usoni nijue kama utakuja." Akakivuta kitambaa juu ya pua. "Nimeshakutazama."

"Na umeona nini?"

Lakini alikuwa ameshageuka, na lori la makontena likapita kati yake na mimi.

Jioni ile nyumbani kwetu ilikuwa vita. Mjomba Ielemia, ndugu wa mama yangu na mkuu wa ukoo wetu, alikuwa amekaa chini, miguu imekunjwa, kikombe cha kakao kikipoa mbele yake. Binamu yangu Viliamu, aliyekuwa karani katika ofisi ya wakili, alikuwa akizunguka sebule kama jogoo.

"Mtu ana waya kwenye meno! Hawezi kutaja jina la mtu mpaka Jumatatu ipite! Mungu amekufungia shahidi mdomo, Kelemete, wewe unataka kwenda kumfungulia? Ukipiga magoti mbele ya nyumba yao umekiri. Watakupiga picha za simu. Mpaka saa nne kisiwa kizima kimeona."

"Nisipokwenda?"

"Unakaa kimya, unajibu maswali yako, unaapa, unakuwa raia. Halafu unamwoa msichana wako na kumwomba msamaha kitandani, kama wanaume wengine."

Vijana wakacheka. Mjomba hakucheka.

"Viliamu, una akili nyingi," akasema polepole. "Wale watu wakija hapa na bastola, utawasomea kifungu gani?" Kisha akanigeukia. "Ifoga, ile mila ya kuomba msamaha chini ya mkeka, ni kesho, kabla ya jua. Mimi ndiye nitakayeinama, kama ilivyo desturi. Wewe kaa nyumbani. Mkubwa akiinama, ukoo umeinama."

"Mjomba, ngumi zilikuwa zangu."

"Mkono ulikuwa wa ukoo."

"Sitakuacha upigwe mawe kwa ajili yangu huku nimelala nakariri majaji!"

"Utapoteza Jumatatu," akasema.

"Nimeshaona macho yake. Nikikaa hapa, nitapata Jumatatu na kumpoteza yeye."

Mjomba alinywa kakao yake yote kabla ya kujibu. "Basi mkeka utatutosha wawili. Lakini nenda kaoge, unanuka hasira."

Ulikuwa mkeka wa marehemu bibi, uliosukwa kwa ukindu mwembamba wa mkadi hadi ukawa laini kama hariri, pindo lake la manyoya mekundu. Wasichana wa ukoo wetu waliolewa juu yake na wazee wetu waliagwa ukiwa umetandazwa mbele ya watu. Alfajiri tulifika nao Kalihi, mbele ya nyumba ya Lafaele. Tulibeba pia kuni na mawe na majani, maana anayeomba msamaha hivi hujileta pamoja na jiko lake: mkitaka kutuoka, hivi hapa. Kuni zenyewe Viliamu alizinunua kwenye kituo cha petroli, zimefungwa kwa plastiki na bei bado imebandikwa.

"Ungetoa hata bei," nikamnong'oneza.

"Ili wajue hatukuja mikono mitupu," akajibu, meno yakigongana kwa woga.

Tukapiga magoti juu ya lami. Mjomba kwanza, na magoti yake mabovu yakalia. Nikapiga kando yake. Watu wetu wakakaa nyuma, vichwa chini. Kisha mkeka ukashuka juu yetu, na dunia ikawa giza la kahawia linalonukia mafuta ya nazi na sanduku la bibi.

Chini ya mkeka huoni kitu. Husemi kitu. Huinui mkono. Nyumba ikikubali, mtu atatoka aufunue, na yatakuwa yamekwisha. Nyumba ikikataa, lolote watakalofanya halina wa kulilaumu.

Mlango ulifunguka. Miguu ikaja, mingi.

"Wamekuja kweli!" sauti ya kijana ikasema. "Haya, popo yuko upande gani?"

Teke likanipata palepale penye bendeji. Nikauma ulimi. La pili, la tatu. Kitu kizito kikanigonga mgongoni, nadhani kiti, maana kilivunjika. Mtu alinikanyaga vidole nilivyoweka juu ya lami, akavisaga kwa kisigino taratibu, kama anayezima sigara. Niliyavumilia hayo yote. Lakini jiwe lililofuata halikuja kwangu. Nilisikia lilivyotua kwenye bega la mjomba, kisha pumzi yake ikikatika.

Damu ikanichemka hadi masikioni. Goti langu liliinuka juu ya lami.

"Chini," mjomba akasema kwa sauti isiyozidi unyoya. "Chini, Kiberiti."

"Watakuua."

"Wakiniua, nitakuwa nimekufa nimepiga magoti. Wewe ukisimama, tutakufa sote tumesimama, na watoto wetu. Chini."

Nikashuka. Machozi yalinitoka yakadondoka kwenye vidole vyangu vilivyopasuka, yakawasha. Hilo ndilo lililokuwa jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya na mwili huu: kushuka.

Sauti nzito ikasema kutoka mlangoni. "Acheni kwanza." Ilikuwa ya Mzee Sakaio, baba yake Lagimaina, sikuwahi kumsikia, lakini binamu walitulia mara moja. "Ielemia, wewe ni mzee mwenzangu. Wewe nakuheshimu. Lakini aliye kando yako alimpiga mwanangu akiwa amelala. Hata mbwa humwacha mbwa aliyelala chali. Kwa nini nikufunue?"

Anayeinama hajitetei.

"Mleteni Lafaele aamue," mzee akasema.

Nikasikia hatua za kuburuza. Nikasikia pumzi iliyopita katikati ya meno yaliyofungwa, ssss, ssss, kama maji kwenye jiko. Kisha chuma kikakwaruza lami. Nikaujua ule mlio. Kila mtu wa visiwa anaujua mlio wa panga.

Ubavu wa panga ukakaa juu ya mkeka, nyuma ya shingo yangu. Ukageuka. Sasa yalikuwa ni makali yake. Nilihisi ukindu wa bibi ukikatika uzi baada ya uzi, na ubaridi ukaigusa ngozi, kisha joto likateremka kuelekea kifuani. Nilimkumbuka Lagimaina akining'inia kwenye mkono wa kaka yake, nikaomba asije. Safari hii ni panga.

Akaja.

"Lafaele." Alisema kwa shida, kwa ule mdomo wenye nyuzi, lakini mtaa mzima ulisikia. "Mimi ni nani kwako?"

Ssss, ssss.

"Huwezi kusema, nitasema mimi. Mimi ni dada yako. Mimi ndiye agano lako. Ulipokuwa mdogo ulinipa mnofu wa samaki ukala kichwa, kwa sababu mama alikwambia neno la dada ndilo baraka au laana ya kaka. Ulinilea hapa kwa mkono wako huo huo. Sasa nataka neno langu."

"Lagimaina, rudi ndani," baba yake akafoka. "Mkeka huu ni wangu kuufunua au kuuacha!"

"Baba, aliyepasuliwa taya ni ndugu yangu. Kwa ndugu yangu, amani inapita kwangu kwanza. Nani amekwambia vinginevyo? Si wewe uliyenifundisha?"

Mwanga ukaniingia machoni. Mkeka ulikuwa mikononi mwake. Alikuwa amesimama kati yangu na panga, gauni la kulalia, nywele hazijasukwa, mdomo umevimba, na sijawahi kuona mwanamke mzuri kiasi kile. Nyuma yake Lafaele alikuwa amelishikilia panga juu, uso mweusi na wa zambarau, jicho moja limezibwa. Lile jicho zima lilikuwa linabubujika. Binamu mwenye bastola alikuwa ameshaitoa.

Hakuna aliyesogea. Jogoo wa jirani aliwika, akakatiza.

Lafaele akateremsha panga, akaliachia. Akaenda kwenye zile kuni zetu, akazipiga teke zote na plastiki yake, zikabingirika hadi katikati ya barabara. Basi haziwashwi. Wanawake wa pande zote mbili wakaangua kilio.

Mjomba aliinuliwa na watu wawili. Bega moja lilining'inia chini kuliko jingine. Mzee Sakaio alimshika mkono wake mzima, wakagusana mashavu, kisha mzee akanigeukia.

"Amani nimeipokea. Binti yangu sijakupa. Kesho tunapanda ndege, yeye na mimi."

"Nimesikia, mzee."

Lagimaina alikuwa anakunja mkeka, anafuta damu yangu kwenye ukindu kwa pindo la gauni lake. Hakuniangalia. "Jumatatu," akasema, "hawataishia kwenye Bunge na majaji. Mama mchungaji ametusomea. Watakuuliza kama umewahi kutenda kosa ambalo hukukamatwa kwalo. Utasema nini?"

"Kelemete, hapo nyamaza," Viliamu akanong'ona nyuma yangu. "Simu zinarekodi. Tafadhali, binamu."

Nikamtazama Lagimaina. Sasa na yeye aliniangalia, na macho yake yalirudi kuwa yale ya darasani, yale yanayosubiri jibu. Nikajua kwamba nikisema uongo Jumatatu nitapata uraia, na kwa uraia mwishowe nitampata yeye: harusi, nyumba, watoto. Na kila usiku nitalala kando ya macho yale, yakisubiri.

Nilivuka lami kwa magoti, kwa sababu miguu ilikataa, hadi mbele ya Lafaele. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake, mate na damu vikimtoka katikati ya zile nyaya. Nikaweka vidole vyangu vilivyopasuka juu ya goti lake. Hakuviondoa.

"Lafaele," nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa mtaa, "Jumatatu nitawaambia nilikupiga, na kwamba niliendelea kukupiga ulipokuwa umelala. Wakinifungia mlango, nitakaa nje mpaka uzee. Na siku nitakapokwenda Apia kumwomba dada yako, iwe nina uraia au sina, sitapiga hodi kwa baba yako kabla sijaja kwako, wewe, ukiwa na meno yako yamefunguliwa, uniambie kwa mdomo wako mwenyewe ndiyo au hapana. Ukisema hapana, nitarudi nilikotoka. Nakuahidi."